Bendera ya upinde wa mvua kilimani Frankenhausen

Watoto wa shule ya Jumapili huujua upinde wa mvua kabla hawajajua kusoma. Mwalimu huchora safina, twiga kachungulia dirishani, na juu yake mistari ya rangi: Mungu hataleta tena gharika ya kuiangamiza dunia. Picha haina kosa, ila inaruka jambo ambalo Mwanzo 9 inalirudia. Upinde ule umewekwa mawinguni ili Mungu mwenyewe auone na kulikumbuka agano lake. Nuhu hapewi sharti wala hadaiwi sadaka. Tena hayuko peke yake katika agano hilo: wamo wanawe, vizazi vyote vijavyo, ndege, mifugo na hayawani wa porini.

Upinde zama zile ulikuwa silaha, na mfafanuzi wa Biblia wa Kijerumani, Gerhard von Rad, aliuona upinde huu kuwa silaha ya Mungu iliyowekwa kando baada ya hasira kupita. Ukisoma hivyo, yaliyotokea Ujerumani mwaka 1525 yanasikitisha zaidi.

Thomas Müntzer alikuwa padri aliyevutwa na mafundisho ya Martin Luther, kisha akaachana naye kwa kuona kwamba anawabembeleza watawala. Katika mji wa Mühlhausen aliunda Agano la Milele la Mungu, na bendera yake ya hariri nyeupe ikachorwa upinde wa mvua. Wakulima wa Thuringia, waliochoshwa na kodi na kazi za shuruti, wakaifuata. Mwezi Mei maelfu yao walijikusanya kilimani juu ya mji wa Frankenhausen, wamejizungushia mikokoteni, wengi wakiwa na zana za shambani tu. Mbele yao walisimama askari wa Filipo wa Hesse na wa Mtawala George wa Saxony, wenye mizinga na farasi.

Tarehe 15, pete ya rangi ikaonekana kulizunguka jua. Müntzer akawaonyesha watu wake: Mungu yu upande wetu. Nani angebisha, na alama ileile inapepea juu ya kichwa chake? Kumbe huo haukuwa upinde wa mvua. Upinde huonekana ukilipa jua kisogo, mwanga unapopinda ndani ya matone ya mvua yaliyo mbele yako. Pete ya jua hutokana na chembe za barafu kwenye mawingu ya juu kabisa, na kuiona lazima ulielekee jua.

Wakulima walikuwa wakiimba wimbo wa kumwita Roho Mtakatifu mizinga ilipoanza kulia. Inakadiriwa waliuawa 5,000 au zaidi, wengi wao wakikimbilia mjini. Müntzer alikutwa kitandani katika nyumba moja, anajifanya mgonjwa. Mfuko wa barua zake ndio uliomuumbua. Aliteswa, na tarehe 27 Mei akakatwa kichwa.

Wapinzani wake waliandika kwamba aliahidi kuzidaka risasi kwa mikono ya joho lake. Msomaji wa Tanzania hapiti hapo bila kumkumbuka Kinjikitile wa Ngarambe na maji yake ya kukinga risasi, 1905. Hata hivyo habari hiyo ya joho imeandikwa na walioshinda, ipokelewe kwa tahadhari.

Mimi siwacheki wakulima wale. Madai yao mengi yalikuwa ya haki, na kijitabu cha Luther cha kuwahimiza watawala wawaue waasi bila huruma ni doa ambalo Walutheri wenyewe hawalifichi. Kosa la Müntzer naliona kwingine: alichukua alama ya agano lisilobagua kiumbe akaifanya ya kambi moja. Filipo na askari wake walikuwa wana wa Nuhu vilevile. Hata farasi waliowapanda wamo katika ahadi.

Kuhusu upinde wenyewe, Luther aliamini kwamba kabla ya gharika upinde haukuwahi kuonekana. John Calvin aliona kwamba maneno ya Mwanzo hayadai hivyo: Mungu aliuchukua upinde uliokuwapo akaupa kazi mpya, kama anavyofanya na maji ya ubatizo na mkate wa meza ya Bwana. Namuunga mkono Calvin. Anayeijua sayansi ya matone hapotezi chochote.

Ezekieli aliona mng'ao wa upinde kwenye utukufu wa Mungu. Katika Ufunuo 4 umekizunguka kiti cha enzi, unafanana na zumaridi, na hapo mihuri haijafunguliwa wala farasi wa maangamizi hawajatoka. Mchoraji Hans Memling alikwenda mbali zaidi. Katika picha yake ya Hukumu ya Mwisho, iliyoko Gdańsk, Poland, Kristo ameketi juu ya upinde wenyewe, chini yake malaika Mikaeli akipima watu kwenye mizani. Upande mmoja wanapanda ngazi za mbinguni. Upande wa pili wanaporomoka motoni. Memling hakuuchora upinde kuwa msamaha wa jumla, na Mwanzo 9 nayo haisemi hivyo: Nuhu aliahidiwa kwamba dunia haitaangamizwa tena kwa gharika, hakuambiwa kwamba hakuna atakayeulizwa alivyoishi humo.