Ruta Inayojizima na Kujiwasha Yenyewe

Mwanafunzi anajaza fomu ya maombi ya chuo kwa kompyuta ya nyumbani. Amefikia ukurasa wa mwisho, na saa sita za usiku ndio ukomo wa kupokea maombi. Ghafla taa zote za ruta zinazimika, kisha zinawaka moja baada ya nyingine, kana kwamba kuna mtu aliyechomoa waya na kuuchomeka tena. Hakuna aliyeugusa. Dakika mbili baadaye mtandao unarejea, lakini fomu haikupokelewa. Kesho yake chombo chashinda kutwa bila kosa. Keshokutwa chazimika mara tatu. Aghalabu mwenye nyumba huilaumu kampuni ya mtandao, au hununua ruta mpya kwa fedha nyingi, ilhali huenda kilichoharibika ni kijisehemu cha bei ndogo mno.

Yafaa ieleweke kwanza kwamba ruta ni kompyuta kamili, ijapokuwa haina kioo wala kibao cha herufi. Ina prosesa, kumbukumbu na programu. Na ile yenye ngome ya ulinzi hufanya pia kazi ya bawabu, ikikagua kila pakiti ya data iingiayo na itokayo. Ndani yake aghalabu mna walinzi wawili. Wa kwanza hupima volti. Zikishuka chini ya kiwango kilichowekwa, huiamuru prosesa ianze upya, kwa maana prosesa yenye umeme haba hukosea hesabu. Wa pili ni saa ihesabuyo kurudi nyuma, ambayo programu sharti iirudishe mwanzo kila baada ya muda mfupi. Programu ikikwama, saa hufika sifuri na chombo huwashwa upya. Basi linalotafutwa ni hili: ni mlinzi yupi aliyetoa amri, naye aliona nini?

Hapo pana kikwazo. Ruta nyingi za nyumbani huandika daftari la matukio katika kumbukumbu ambayo hufutika umeme ukikatika, na ushahidi hupotea papo hapo. Ruta zenye ngome kwa kawaida huweza kuagizwa zipeleke kila mstari wa daftari kwa kompyuta nyingine iliyomo nyumbani. Mstari wa mwisho usomwe kwa makini. Ukieleza kwamba kumbukumbu imejaa au kiini cha programu kimeanguka, programu yenyewe au chipu za kumbukumbu ndizo za kushukiwa. Iwapo mistari ni ya kawaida, halafu kimya, halafu mistari ya kuwaka, yaelekea umeme ulikatika.

Mshukiwa mkuu wa umeme ni adapta. Hiyo huubadili umeme wa nyumba wa volti 230 kuwa, mathalani, volti 12, na kapasita zake husawazisha mawimbi yanayobaki. Kapasita ya elektroliti ina karatasi iliyolowa kimiminika, nayo hukauka polepole. Inapokauka, ukinzani wake wa ndani huongezeka. Mkondo ukibadilika kwa ampea 1, ukinzani wa omu 0.05 hula volti 0.05 tu; ukifikia omu 1, hula volti 1 nzima. Mitelemko hiyo hudumu sehemu ndogo sana ya sekunde, na mita ya kawaida, ambayo huonyesha wastani, itasoma volti 12 bila wasiwasi. Mafundi wengi hudanganyika hapo. Jaribio la kuaminika ni kuazima adapta nyingine yenye volti zilezile na mpangilio uleule wa chanya na hasi, yenye ampea zisizopungua za ile ya kwanza.

Joto huharakisha ukaukaji: kwa kanuni ya makadirio, kila nyuzi 10 za Sentigredi zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita kwa nusu. Ruta iliyofungiwa kabatini, basi, huzeeka upesi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kapasita nyingi zenye kimiminika kibovu zilivimba na kupasuka katika kompyuta duniani kote. Kapasita iliyovimba kichwani huonekana kwa macho, lakini adapta isifunguliwe na asiye fundi, kwani ndani yake volti hufikia 325, hata baada ya kuchomolewa.

Wako wanaopenda kulaumu miale ya anga. Haikatazwi: mwaka 1978 wahandisi wa Intel walionyesha kwamba chembe za alfa zitokazo katika kifuniko cha chipu huweza kugeuza biti ya kumbukumbu. Lakini ruta inayozimika mara tatu kwa siku haihitaji kisingizio cha mbali hivyo.

Kibadilishwe kitu kimoja kwa wakati, kisha subira ifuate. Kama chombo kilikuwa kikizimika kwa nasibu, kwa wastani mara moja kila siku 3, uwezekano wa kupata siku 3 za utulivu bila kurekebisha chochote ni karibu asilimia 37. Kwa siku 9 hushuka hadi karibu asilimia 5, na hapo ndipo adapta ya kuazima inapoweza kurudishwa kwa mwenyewe na mpya kununuliwa.