Jukwaa la Mgeni

Siku Simba au Yanga inapokuja Tanga, kijiji cha Kigombe hupungua watu tangu asubuhi. Wavuvi, wachuuzi wa samaki na vibarua wa mashamba ya mkonge huingia barabara ya Pangani kusaka gari za mjini, wamevaa jezi, na nyingi ya jezi hizo si za Coastal Union ya Tanga. Anayetaka kuzungumzia mashabiki wa ugenini nchini kwetu aanzie hapo. Shabiki wa ugenini wa Tanzania mara nyingi hatoki mbali. Klabu hizo mbili za Kariakoo zina wapenzi katika kila kijiji, kwa hiyo mtu aliyezaliwa Muheza na kukulia Kigombe huingia Mkwakwani, uwanja wa mkoa wake, akahesabiwa miongoni mwa wageni.

Katika Ligi Kuu ya England, klabu mwenyeji inatakiwa kuwatengea wageni tiketi 3,000, au asilimia 10 ya nafasi zote ikiwa uwanja ni mdogo, na tangu 2016 tiketi ya mgeni haizidi pauni 30. Wageni wana kona yao, mageti yao na vyoo vyao. Kwenye viwanja vyetu vya mikoani kazi hiyo imeachiwa mazoea. Jukwaa kuu lenye paa ni la mwenye fedha za ziada. Kwingine kote ni mzunguko, na tiketi ya mzunguko humpa mtu haki ya kuingia lakini haimpi mahali pa kukaa. Atakapofika ndipo atajua kama atakaa, atasimama, au atatazama mechi kupitia mabega ya mwenzake. Wageni hujikusanya wenyewe upande mmoja, na Simba na Yanga zikicheza mikoani mara nyingi huwazidi wenyeji kwa idadi. Anayefika saa 9 kwa mechi ya saa 10 jioni anakuta saruji yote imeshakaliwa, na jua la Tanga liko usoni.

Msimu wa 2024/25 uliwageuza wageni hata Wagosi wa Kaya wenyewe, Coastal Union. Mkwakwani haukukidhi vigezo vya ligi, na klabu hiyo, iliyoanzishwa mwaka 1948 na kutwaa ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, ikahamisha michezo yake ya nyumbani. Agosti 2024, iliporudi kwenye mashindano ya Afrika na kuikaribisha Bravos do Maquis ya Angola katika Kombe la Shirikisho, ilicheza Chamazi, Dar es Salaam. Tarehe 1 Machi 2025 iliipokea Simba jijini Arusha, uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ikafungwa 3-0. Tanga hadi Dar es Salaam ni kilomita 350 hivi, na Arusha ni mbali zaidi. Shabiki wa Kigombe aliyeipenda timu kwa sababu ni ya kwao alitakiwa kulala safarini ili aione ikicheza nyumbani.

Uamuzi wa kuufungia uwanja mbovu ni sahihi, na naunga mkono ukali wa Bodi ya Ligi katika jambo hilo. Wachezaji huvunjika miguu kwenye viwanja vya mabonde. Ninachotaka ni ukali huohuo uvuke mstari wa pembeni na kupanda jukwaani. Viwanja hufungiwa kwa ajili ya nyasi, vyumba vya kubadilishia nguo, uzio na taa. Sijasikia uwanja uliofungiwa kwa sababu mtu mwenye kiti cha magurudumu hana pa kupita, au kwa sababu jukwaa la wageni lina njia moja tu ya kutokea.

Kusimama kwenyewe si dhambi. Mpira ni mchezo wa kusimama, na mzunguko ulioketi kimya dakika 90 una jambo zito linalousumbua. Lakini kwenye ngazi za saruji zisizo na viti, kusimama kwa mmoja huamua ya wote. Wa mbele akiinuka, wa nyuma yake hana budi kuinuka, na wimbi hilo hupanda hadi ngazi ya juu kabisa. Mzee mwenye magoti mabovu huinuka mara 2 au 3, kisha hukata tamaa na kuusikiliza mchezo kwa kelele za wenzake. Mama aliyekuja na mtoto hufanya hesabu hiyohiyo, na safari nyingine humwacha mtoto nyumbani au hubaki naye. Anayetembea kwa magongo hana hesabu ya kufanya, maana hata hapo penye msongamano hakufika: ngazi ya kwanza ilimsimamisha chini, kwenye uzio, mahali ambapo waya ndio mandhari yake.

Tukimzungumzia mtu huyo, pwani ya kaskazini inamjua kwa karibu. Kwa miaka mingi bahari ya Tanga ilivuliwa kwa baruti, na bomu likichelewa kutoka mkononi huondoka na mkono. Kwenye viwanda vya mkonge, korona, mashine inayokwangua jani hadi libaki katani, haikuwa na huruma kwa vidole vilivyoteleza. Ziongezwe ajali za bodaboda, magonjwa, na wale waliozaliwa hivyo. Hawa ni watu wa kijiji kilekile, wanabishana kuhusu kikosi kwenye baraza ileile, na wanazijua namba za jezi kama wengine. Wanapotea tu siku ya mechi.

Sheria haijawasahau. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 30 inataja waziwazi haki ya kufika kwenye viwanja vya michezo na kumbi za burudani. Mwaka uliofuata Bunge likatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, inayotaka majengo ya umma yafikike. Uwanja unaouza tiketi kwa maelfu ya watu hauwezi kudai kwamba si wa umma, yeyote anayeumiliki. Mkwakwani ni mali ya Chama Cha Mapinduzi, kama ulivyo Sokoine wa Mbeya, CCM Kirumba wa Mwanza, na Sheikh Amri Abeid huohuo wa Arusha. Hapo uwajibikaji hugawanyika hadi hauonekani. Klabu husema yenyewe ni mpangaji tu, mmiliki husema mapato ni madogo, na msimamizi wa mchezo husema yeye huandika ripoti ya mechi.

Lipo jambo linaloniuma zaidi ya hayo. Mwaka 2021 Dar es Salaam iliandaa Kombe la Afrika la soka la watu wenye ulemavu wa viungo, ambapo wachezaji wa ndani hukimbia kwa magongo na mguu mmoja, na kipa hudaka kwa mkono mmoja. Timu yetu, Tembo Warriors, ilifuzu Kombe la Dunia, na mwaka 2022 ikafika robo fainali Istanbul, Uturuki. Taifa liliwashangilia, na lilistahili kuwashangilia. Mchezaji mmoja wa timu hiyo akitaka kwenda kuitazama Coastal kama shabiki wa kawaida, akiwa amenunua tiketi yake ya mzunguko, uwanja wa mkoani utampa nini? Tumewatayarishia watu hawa mahali pa kucheza kabla ya kuwatayarishia mahali pa kukaa.

Kuna sababu nyingine ya kulishughulikia jukwaa la mgeni mapema, nayo ni vifo. Tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walikuwa wageni katika uwanja wa Hillsborough, jijini Sheffield. Walipangiwa upande mmoja wenye mageti machache. Nje walipobanana, polisi walifungua geti kubwa, na watu wakaelekea kwenye njia iliyowapeleka moja kwa moja katika vizimba vya katikati ambavyo tayari vilikuwa vimejaa. Hakuna aliyewaelekeza pembeni, ambako nafasi ilikuwapo. Waliokufa ni 97. Kwa miaka mingi lawama ilitupwa kwa mashabiki, mpaka mwaka 2016 baraza la uchunguzi lilipoamua kwamba waliuawa isivyo halali na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa.

Afrika imelipia somo hilohilo. Januari 24, 2022, nje ya uwanja wa Olembe, Yaoundé, watu 8 walikufa katika msongamano kabla ya mechi ya Kameruni na Komoro, kwenye geti lililokuwa limefungwa ilhali lilitakiwa kuwa wazi. Hapa kwetu, Mei 28, 2023, Yanga ilipoikaribisha USM Alger ya Algeria katika fainali ya Kombe la Shirikisho, mtu mmoja alipoteza maisha na 30 wakajeruhiwa katika msongamano uwanja wa Benjamin Mkapa. Uwanja huo ndio bora kuliko vyote tulivyokuwa navyo, wa watu 60,000, wote wakiwa na viti. Kiti kilikuwa ndani. Hatari ilikuwa njiani kwenda kwenye kiti.

Ndiyo maana siamini kwamba tiba ni kuweka viti vya plastiki kila mahali kisha tupige picha. Waingereza baada ya Hillsborough waliondoa kusimama katika ligi za juu, na tangu 2022 wameanza kuruhusu tena kusimama katika maeneo yenye vyuma vya kushikilia mbele ya kila safu. Wajerumani hawakuacha kabisa. Kinacholinda watu ni idadi iliyohesabiwa, mageti yanayofunguliwa mapema, njia za kutokea zisizokaliwa na wachuuzi wala kufungwa kwa kufuli, na watu wa usalama wanaojua kusoma msongamano. Mabaunsa wa kusukuma hatuwahitaji.

Vitu hivyo havihitaji mkopo wa benki. Mteremko wa saruji wa kumpandisha mwenye kiti cha magurudumu hujengwa kwa kipimo kinachojulikana: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, sentimita 12 za urefu. Fundi yeyote wa Muheza anaweza kuumwaga kwa siku chache. Eneo la kukaa watu hao litengwe juu kidogo, kwa sababu chini kwenye uzio wote walio mbele yao watakuwa wamesimama. Liwepo pande zote mbili, la mwenyeji na la mgeni. Anayelazimika kukaa katikati ya mashabiki wa timu pinzani kwa sababu mteremko uko huko peke yake hatashangilia bao la timu yake kwa amani. Msaidizi wake asilipishwe. Choo kimoja kiwe na mlango mpana. Na geti moja lifunguliwe saa moja kabla ya mengine, kwa ajili ya wazee, watoto na wenye ulemavu, kabla kundi kubwa halijafika.

Suala la kurudi nyumbani nalo ni la uwanja, ingawa hakuna anayelihesabu hivyo. Mechi ya saa 10 huisha karibu na magharibi. Anayetembea polepole hutoka wa mwisho, na akifika kituoni gari za njia ya Pangani zimejaa au zimeondoka. Bodaboda usiku hadi Kigombe ni ghali kuliko tiketi ya mzunguko, na kwa mwenye magongo ni hatari pia. Klabu inayotangaza kiingilio ingeweza kutangaza na gari za kurudi, kwa makubaliano na wenye daladala. Mechi za Simba na Yanga huujaza mji, na wenye magari wanaijua biashara hiyo.

Wasioweza safari hiyo hubaki na kibanda umiza, banda la kutazamia mpira kwenye televisheni. Azam Media ikiwa na haki za matangazo ya ligi, kwa mkataba wa miaka 10 wa shilingi bilioni 225.6 uliotangazwa 2021, vijiji vya pwani vinaiona kila mechi. Navipenda vibanda hivyo, kwa kuwa vimeufikisha mpira pale ambapo barabara haikufika. Lakini benchi zake zimebanwa, mlango wake ni mwembamba, na mwenye kiti cha magurudumu hutazama akiwa mlangoni, akiombwa kila mara asogee watu wapite. Hata hapo, kijijini kwake, hana nafasi aliyotengewa.

Fainali za Afrika za 2027 zinakuja Tanzania, Kenya na Uganda. Arusha inajengewa uwanja mpya, na wageni wa mataifa mengine watapata mageti yao, viti vyao na nafasi za watu wenye ulemavu, kwa kuwa CAF haitakubali pungufu. Nataka kiwango hicho kibaki hapa wageni wakishaondoka, kiandikwe katika kanuni za ligi na masharti ya leseni za klabu, ili uwanja wa mkoani usiokuwa na mteremko na njia za kutokea uhesabike kuwa haujakamilika, sawa na ule usio na nyasi. Bodi ya Ligi itakapotuma tena wakaguzi Mkwakwani, waanze na geti la mzunguko upande wa wageni kabla ya kugusa nyasi, na mmoja wao apite hapo akiwa ameketi kwenye kiti cha magurudumu.