Kukaa Mbali si Kutupana: Karantini ya Korona katika Nyumba Moja ya Mikumi



Mwezi Agosti 2021 familia yetu ya watu saba ilikaa karantini kwa siku 19 hapa Mikumi, wilayani Kilosa, baada ya UVIKO-19 kuingia nyumbani mwetu. Tangu wakati huo tumeulizwa mara nyingi, na wanajumuiya wenzetu na hata na mafrateri wanaokuja likizo parokiani, jinsi tulivyoishi siku zile. Wengi wanadhani karantini ni kufunga mlango na kungoja siku zipite. Sisi tumejifunza kwamba familia haiwezi kukaa karantini kwa nguvu zake yenyewe. Inawezeshwa na watu walio nje ya mlango. Hilo ndilo tunalotaka kulieleza, kwa maana korona imetulia lakini magonjwa ya kuambukiza hayajaisha. Mkoani Kagera ugonjwa wa Marburg ulitangazwa Machi 2023, ukatangazwa tena Januari 2025, na kipindupindu nacho hurudi mara kwa mara nyakati za mvua.

Hali ilivyokuwa

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Sisi tuliugua baadaye, katika wimbi la katikati ya mwaka 2021. Kanisa lilikuwa limekwisha kuonja uchungu wa ugonjwa huu. Mwezi Machi 2021 Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Padre Charles Kitima, alieleza kwamba ndani ya miezi miwili mapadre zaidi ya 25 na masista zaidi ya 60 walikuwa wamefariki baada ya kupata matatizo ya kupumua. Tarehe 28 Julai mwaka huo Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani akizindua chanjo kwa nchi nzima.

Mikumi ni mji wa njiani. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia hupita katikati ya hifadhi ya wanyama na katikati ya mji wetu, na hapa ndipo inapochepuka barabara ya Kidatu na Ifakara. Malori na mabasi husimama mchana na usiku. Baba wa nyumba yetu ni fundi magari kando ya barabara hiyo, na mama huuza chakula kwa wasafiri. Ni vigumu kusema ugonjwa ulitoka kwa nani, wala hatukutafuta wa kumlaumu. Jumatatu tarehe 9 Agosti baba alirudi na homa na kikohozi kikavu. Siku ya tatu alipimwa, na majibu yalipotoka yalionyesha ana korona.

Karantini na kujitenga

Maneno haya mawili huchanganywa. Anayejitenga ni mtu ambaye tayari ni mgonjwa: anakaa peke yake asiambukize wengine. Anayekaa karantini ni mtu aliyekuwa karibu na mgonjwa lakini yeye bado ni mzima: anakaa nyumbani mpaka ijulikane kama ameambukizwa au la. Sababu yake ni kwamba dalili za korona hazitokei siku ile ile. Kwa kawaida huchukua siku 5 au 6, na zinaweza kuchukua hadi 14. Tena mtu anaweza kuambukiza wenzake tangu siku mbili hivi kabla hajaanza kuumwa. Kwa hiyo kusema "mimi sijisikii vibaya" hakutoshi.

Neno lenyewe lina historia inayotugusa Wakristo. Mwaka 1377 mji wa bandari ambao leo unaitwa Dubrovnik uliamuru wasafiri waliotoka penye tauni wakae kando siku 30 kabla ya kuingia. Baadaye siku zikawa 40, na neno la Kiitaliano la hesabu hiyo ndilo lililozaa "karantini". Neno "Kwaresima" nalo, lililotufikia kupitia Kireno, lina mzizi huo huo wa arobaini.

Watu saba, vyumba vitatu

Tulikuwa wazazi wawili, watoto wanne na bibi mwenye umri wa miaka 71, ambaye ana kisukari na presha. Nyumba ina vyumba vitatu na jiko la uani. Maelekezo ya afya husema mgonjwa awe na chumba chake na choo chake. Choo chetu ni kimoja. Ilibidi tuulizane ni nani wa kulindwa kwanza, na jibu lilikuwa bibi.

Bibi tulimpa chumba cha uani, ambacho mlango wake unatazama nje. Baba alibaki chumbani peke yake na dirisha likawa wazi muda wote. Sahani, kikombe na kitanda vikawa vyake mwenyewe. Chooni tuliweka ndoo ya koki na sabuni, baba akawa anaingia wa mwisho, na kila baada yake pakasafishwa kwa maji yenye dawa. Kila aliyepeleka chakula chumbani alivaa barakoa na hakukaa. Mchana tuliishi nje kivulini, kwa sababu virusi hivi hukaa katika hewa ya chumba kilichofungwa kuliko penye upepo.

Pamoja na hayo, tarehe 13 Agosti mama na binti yetu mkubwa walianza kuumwa kichwa na kupoteza harufu. Mama aligundua pale vitunguu vilipokuwa vinaungua jikoni na yeye hasikii kitu. Siku hiyo hiyo watoto watatu waliobaki walihamia kwa bibi uani.

Hesabu ya siku

Hapa ndipo familia nyingi huchanganyikiwa. Wakati ule mgonjwa mwenye dalili alitakiwa kujitenga siku 10 tangu dalili zilipoanza, kisha siku 3 zaidi ambazo hana dalili. Aliyekaa naye alitakiwa kuhesabu siku 14 tangu mara ya mwisho walipokuwa karibu. Kwa hiyo akiugua mtu wa pili, wale wazima waliokuwa karibu naye huanza kuhesabu upya.

Bibi na watoto walikuwa wamekwisha kuhesabu siku kadhaa tangu baba alipoingia chumbani. Walipotenganishwa na mama tarehe 13, hesabu ikarudi mwanzo na kuisha tarehe 27. Mtoto wetu wa darasa la nne alichora mistari ya mkaa ukutani, akalia alipoambiwa ile ya mwanzo haihesabiki. Tulimweleza kwamba mistari ile ni ya bibi, na kila mmoja unamkaribisha bibi kwenye usalama. Bibi alikuwa amechanjwa siku chache tu kabla, na chanjo huhitaji majuma kadhaa ili mwili ujenge kinga. Mpaka siku ya mwisho hakuugua.

Nyungu, dawa na oksijeni

Ndugu na marafiki walitushauri kupiga nyungu. Hatumdharau anayejifukiza. Mvuke unaweza kulegeza mafua na kumpa mgonjwa nafuu kidogo. Lakini mvuke hauui virusi mwilini, na maji ya moto yameunguza watoto wengi. Kuna hatari nyingine isiyosemwa sana: watu watatu wakijifunika blanketi moja, pumzi ya mgonjwa wanaivuta wote. Chai ya tangawizi na malimao tulikunywa kwa sababu koo lilipenda. Antibayotiki nazo hutibu bakteria, haziui virusi, kwa hiyo hatukuzinunua bila kuandikiwa.

Kilichotusaidia zaidi ni kifaa kidogo cha kupima oksijeni kidoleni, ambacho muuguzi mmoja wa jumuiya yetu alituazima. Mgonjwa wa korona anaweza kuongea vizuri huku oksijeni yake inashuka. Tuliambiwa tukiona chini ya 94 tusingoje. Asubuhi ya tarehe 16 baba alisoma 89, na alipopelekwa hospitali aliwekewa oksijeni kwa siku nne. Wasomaji, kukaa karantini hakumaanishi kuvumilia ndani. Mgonjwa akihema kwa shida, kifua kikimbana, akichanganyikiwa au midomo ikibadilika rangi, apelekwe mara moja, na hospitali ijulishwe kabla hajafika.

Walioko nje ya mlango

Gereji ilifungwa na meza ya chakula stendi ikafungwa. Sisi ni watu wa kipato cha siku. Kufikia siku ya tano unga ulikuwa umebaki wa mlo mmoja. Hapo ndipo mtu anayetaka kutii maelekezo hushindwa, si kwa ubishi, bali kwa njaa.

Tulikuwa tumemwambia ukweli mwenyekiti wa kitongoji na mwenyekiti wa jumuiya tangu majibu yalipotoka. Haikuwa rahisi. Wako waliobadilisha njia wasipite mbele ya nyumba, na watoto wetu waliitwa "watoto wa korona". Lakini kama tungeficha, hakuna ambaye angejua tunahitaji nini. Jumuiya ilijipangia zamu: leo nyumba hii inaleta unga na maharage, kesho ile inaleta mboga na mkaa. Waliweka juu ya kigoda nje ya uzio, wakabisha, wakarudi nyuma hatua kadhaa na kutusalimu. Jirani yetu Mwislamu alitujazia ndoo za maji kila alfajiri akitoka kuswali. Mdogo wake baba alipeleka uji hospitali mpaka getini. Bila hao, siku ya sita mama angerudi stendi na homa yake kuuza chakula kwa abiria wa mikoa minne.

Msiba wa Kilosa

Jumatano tarehe 18 Agosti, baba akiwa hospitali, tulipigiwa simu kwamba mjomba mkubwa wa mama amefariki Kilosa. Kwa wasioijua sehemu yetu, Wasagara, Wakaguru na Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mjomba ndiye mkuu wa ukoo, anayesimama kwenye ndoa, mashamba na mashauri. Kutomzika mjomba ni jambo zito, halisahauliki upesi. Na Kilosa si mbali. Ni kupita Ulaya na kufika siku hiyo hiyo.

Mama hakuwa na homa tena siku ile. Angeweza kupanda gari. Lakini msiba ni mahali watu wanapokumbatiana, wanapolala mkeka mmoja na kula sinia moja, na waliokuwa wamekaa kumlilia mjomba walikuwa wazee kama yeye. Kumpenda marehemu kungeweza kuwaua walio hai.

Tulimpigia msemaji wa ukoo na kumweleza yote bila kuficha jina la ugonjwa. Rambirambi tulituma kwa simu. Mwenyekiti wa jumuiya yetu alikwenda Kilosa kutuwakilisha, na kaburini msemaji alitaja kwa nini nyumba yetu haipo. Saa ya maziko sisi tulisali Rozari, bibi na watoto uani, mama na binti ndani, tukijibizana kupitia dirisha. Hatutasema wote waliridhika. Mama mdogo mmoja hakupokea simu zetu kwa zaidi ya mwezi. Siku ya arobaini tulikwenda wote saba, tukasimama kaburini, naye akaja kumshika mama mkono.

Sala na sakramenti

Dominika ya tarehe 15 Agosti ilikuwa Sherehe ya Kupalizwa Bikira Maria Mbinguni, nasi tuliisikia kengele tukiwa uani. Wapo waamini wanaohisi wametenda dhambi kwa kukosa Misa wakiwa wagonjwa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2181, inataja ugonjwa kuwa sababu nzito inayomwondolea mtu wajibu huo. Kanuni ya 1248 ya Sheria ya Kanisa inashauri wasioweza kufika Misani wasali binafsi au kama familia. Ndivyo tulivyofanya: masomo ya siku, sala za waamini na komunyo ya tamaa. Machi 2020 Idara ya Toba ya Kitume ilitoa pia rehema kamili kwa wagonjwa wa korona, walioko karantini na wanaowahudumia, kwa masharti yaliyowekwa.

Mafrateri wajue kwamba hata Mpako wa Wagonjwa una njia yake. Kanuni ya 1000 inaagiza padre apake kwa mkono wake, lakini inaruhusu kutumia chombo ikiwa kuna sababu nzito. Padre anaweza kumfikia mgonjwa bila kuwa mbeba ugonjwa kwa mgonjwa wa pili. Mtakatifu Karoli Boromeo, msimamizi wa waseminari, alipokabiliwa na tauni ya Milano mwaka 1576, aliagiza altare zisimamishwe mitaani ili waliofungiwa majumbani wafuate Misa wakiwa madirishani. Hakuwaambia watoke, wala hakuwaacha.

Katika Injili ya Marko sura ya kwanza, Yesu anamgusa mwenye ukoma ambaye sheria ilimweka mbali na watu. Habari inaishia kwa Yesu mwenyewe kukaa nje ya miji, mahali pasipo watu. Aliyetengwa amerudishwa ndani, na Bwana yuko nje. Sisi tuliokaa ndani siku 19 tuliwaona walio nje ya uzio wakitufanyia kitu kama hicho.

Kwa jumuiya zetu

Tunapendekeza kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo ijiandae kabla ya ugonjwa mwingine. Ijue nyumba zenye wazee na wagonjwa wa muda mrefu. Ipange mapema zamu ya chakula, maji na mkaa. Iwe na kifaa kimoja cha kupima oksijeni na mtu anayejua kukisoma. Imteue mtu wa kuwakilisha misibani nyumba iliyofungwa. Na inapotokea familia imesema wazi kwamba inaumwa, iipongeze mbele ya watu, ili nyumba inayofuata isiogope kusema.

Jumapili tarehe 29 Agosti tulirudi kanisani, tukakaa benchi la nyuma tukiwa na barakoa. Baba alikuwa bado anapumzika kila baada ya hatua chache. Katika nia za Misa tuliomba mbili: roho ya mjomba wetu wa Kilosa ipumzike kwa amani, na Mungu awabariki walioweka unga juu ya kigoda.