Falsafa ya Mwaka wa Kwanza Si Somo la Kujazia Krediti

Kila muhula, katika vyuo vya jamii vya Marekani, wanafunzi hujiandikisha somo la Utangulizi wa Falsafa kwa sababu nyepesi: limo kwenye orodha ya masomo ya lazima, na vipindi vyake havigongani na zamu ya kazi. Sababu hiyo si mbaya. Lakini anayeingia darasani akitarajia kukariri mawazo ya Wagiriki wa kale na kuyamwaga kwenye mtihani atakwama mapema. Somo hili linapima uwezo wa kujenga hoja, kuichunguza, na kuiacha inapobainika kuwa haisimami.

Vyuo vyenyewe vina historia ndefu. Joliet Junior College, katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901. Mwaka 1947, tume iliyoundwa na Rais Harry Truman ilipendekeza vyuo vya miaka miwili vienezwe nchini kote, karibu na makazi ya watu na kwa gharama nafuu. Leo viko takribani 1,000. Kwa kawaida hupokea wanafunzi bila kuwashindanisha kwa alama, na wengi wao husoma huku wakifanya kazi. Ndiyo maana darasa moja laweza kumkutanisha kijana wa miaka 18, mama aliyerudi shuleni baada ya kulea, na mhamiaji kutoka Bukavu au Mombasa aliyetoka zamu ya usiku ghalani. Baada ya miaka miwili, mwenye nia huhamia chuo kikuu na krediti zake ili amalizie shahada ya kwanza.

Kwa falsafa, mchanganyiko huo ni neema. Socrates hakuwa na chuo wala hakutoza ada. Aliwahoji mafundi, washairi na wanasiasa wa Athens, kila mmoja juu ya jambo alilodai kulijua. Mwaka 399 KK, akiwa na umri wa miaka 70 hivi, alishtakiwa na kuhukumiwa kifo. Utetezi wake, kama ulivyoandikwa na Plato, ndio andiko ambalo walimu wengi huanza nalo. Baadaye hufuata Descartes, aliyejaribu mwaka 1641 kutilia shaka kila kinachoweza kutiliwa shaka, kisha Kant na Mill na tofauti zao juu ya kinacholifanya tendo kuwa jema.

Tuchukue swali moja la darasani: kujua ni nini? Jibu la zamani, lenye mizizi katika maandishi ya Plato, lina masharti matatu: uliamini jambo, jambo liwe kweli, na uwe na sababu nzuri ya kuliamini. Sasa umeingia stesheni, umetazama saa ya ukutani, inaonyesha saa tisa. Siku zote umeiona ikienda sawasawa. Usilolijua ni kwamba ilisimama jana, na kwa bahati tu umeitazama saa tisa kamili. Unaamini ni saa tisa, ni kweli ni saa tisa, na una sababu nzuri. Je, unajua? Wengi husita, kwa kuwa imani yako imekuwa kweli kwa bahati tu.

Mfano wa saa iliyosimama ulitolewa na Bertrand Russell mwaka 1948. Mwaka 1963 Edmund Gettier, aliyekuwa akifundisha Detroit, alichapisha makala ya kurasa tatu yenye mifano yake mwenyewe, akionyesha kwamba masharti yale matatu hayatoshi. Mjadala aliouzua haujafungwa hadi leo.

Mwanafunzi mgeni huuliza: ikiwa wataalamu hawajakubaliana, mimi nijibu nini? Hapo ndipo kazi inapoanza. Mmoja atasema saa mbovu si sababu nzuri. Mwenzake atamjibu kwamba, kwa kigezo hicho, karibu hakuna sababu itakayobaki nzuri, maana chombo chochote chaweza kuwa kimeharibika bila sisi kujua. Wa tatu atapendekeza sharti la nne: imani isitegemee dhana yoyote ya uongo. Darasa litatafuta mfano wa kulijaribu sharti hilo nalo. Si kwamba kila jibu ni sawa. Majibu mengine yameanguka mbele ya macho yao, kwa sababu wanazoweza kuzitaja.

Insha nayo hufuata mwendo huo. Soma andiko mara mbili: kwanza utafute mwandishi anataka ukubali nini, kisha utafute anakitetea kwa misingi gani. Jiulize maswali mawili, na usiyachanganye: je, misingi hiyo ni kweli? Na je, ikiwa ni kweli, hitimisho linafuata? Unapoandika, eleza hoja yake kwa maneno yako, kwa haki kiasi kwamba yeye mwenyewe angekubali ndivyo alivyosema. Leta pingamizi lako lililo zito kuliko yote, kisha lijibu kama mwandishi angelijibu. Insha inayoishia kusema kila mtu ana maoni yake haijaanza.

Kwa wengi waliosomea Afrika Mashariki, kumpinga mwalimu mbele ya watu ni utovu wa adabu. Katika darasa hili, kupinga kwa sababu ni sehemu ya heshima. Wala desturi hiyo si ya kigeni. Odera Oruka wa Chuo Kikuu cha Nairobi aliwahoji wazee wa Kenya na kuonyesha kwamba, pamoja na walioijua vyema hekima ya jadi, walikuwamo walioihoji kwa hoja zao wenyewe.

Ukijiandikisha somo hili, usikae kimya muhula mzima. Uliza swali hata kama Kiingereza chako kinayumba, nenda kwa mwalimu katika saa alizotenga kuonana na wanafunzi, na umpelekee rasimu kabla ya tarehe ya mwisho. Uwezo wa kusema unachoamini, kutoa sababu zake, na kumsikiliza anayekupinga utakufaa kazini, mahakamani, na kwenye sanduku la kura. Hakuna sababu ya kuuacha upite kwa ajili ya krediti tatu tu.