KOLE GANI KWA FRIGOLITI GANI?
Vyombo na kole za kujenga ndege ndogo ya redio



Wengi wanakuja kutuuliza, sisi wa kikundi cha ndege ndogo: "Mnatumia kole gani?" Tukijibu kwa kinywa, mmoja anasikia vizuri, mwingine anasikia nusu, wa tatu anaenda kununua kitu ingine kabisa. Ndiyo sababu Bwana Mwalimu wa fizike ameomba niandike mambo haya katika jarida letu, ili kila mtu aweze kuyasoma mara mbili mbele ya kutoa franka zake mfukoni.

Iko sababu ingine tena. Kikundi kiko na motere moja tu, redio moja tu na batri mbili. Vitu hivi vilinunuliwa kwa mchango wa wanafunzi wa miaka mbalimbali. Mwili wa ndege tunaweza kuujenga upya kwa frigoliti ya kuokota, lakini motere hatuiokoti. Bawa likifunguka juu, motere ndiyo inafika chini ya kwanza. Na sisi wa mwaka wa mwisho, kisha Egzame ya Leta tunaondoka. Wadogo wetu wa darasa la saba na la nane ndio watabaki na hiyo motere. Basi ni heri tuwaachie pamoja na maarifa yake.

1. FRIGOLITI SI MOJA

Sisi tunaita vyote frigoliti, lakini kuna aina nyingi, na kila moja iko na tabia yake.

Aina ya kwanza ni ile nyeupe ya punje-punje, inayofungwa kando ya friji na televizyo ndani ya karto. Ni polistireni iliyovimbishwa. Ukiivunja, punje zinatoka na kuruka nyumba nzima. Ni nyepesi sana, sababu karibu 98 kwa mia yake ni hewa tu. Inafaa kwa mabawa manene yanayokatwa kwa waya wa moto.

Aina ya pili haina punje. Ni laini, kama zile sahani nyeupe za kuwekea nyama katika magazini. Hii vilevile ni polistireni, lakini imesukumwa kwa mashini kama unga wa tambi. Inafaa kwa mkia na kwa ndege ndogo ya vibao bapa. Ndiyo inayokuwa pia ndani ya karto nene ya kubandikia picha, ile yenye karatasi pande zote mbili.

Aina ya tatu inapinda bila kuvunjika. Ukiifinya kwa kidole, inarudi namna ilivyokuwa. Inaitwa polipropileni iliyovimbishwa. Wanaitumia kulinda vitu vya bei kali, hata ndani ya bampa za motokari. Ndege ya aina hii inaanguka, inaruka kama mpira, na unairusha tena. Ukiipata, usiitupe!

Namna ya kuzitambua ni rahisi: chukua kipande, kipinde polepole. Kikivunjika mara moja, ni polistireni. Kikipinda na kurudi, ni polipropileni.

2. SABABU GANI KOLE INGINE INAKULA FRIGOLITI?

Mwenzetu mmoja alikata bawa lake kwa majuma mawili, jioni kwa jioni. Akalipaka kole ya fundi wa viatu, sababu kila mtu anajua kole ile inashika kweli. Kisha dakika chache katikati ya bawa palikuwa shimo. Hakuna aliyemroga. Ni shimi tu.

Kole ya fundi wa viatu ni mpira ulioyeyushwa ndani ya dawa yenye harufu kali. Dawa hiyo inayeyusha polistireni vilevile. Na kwa kuwa frigoliti ni hewa tupu yenye ngozi nyembamba ya plastiki, ngozi ikiyeyuka, hewa inatoka na kila kitu kinaanguka chini. Ndiyo maana kitu kikubwa kama kichwa kinageuka matope kidogo ya kujaza kijiko.

Adui wa frigoliti ni hawa: esansi, asetoni ya kutosha rangi ya kucha, dilia ya rangi, rangi ya kupuliza ya kawaida, kole ya viatu, na kole ile ya haraka ya kichupa kidogo ambayo inashika vidole. Polipropileni yenyewe haiogopi dawa hizi, lakini iko na shida ingine: kole nyingi hazipendi kuishika.

3. VYOMBO VYA KUKATA

Kisu cha wembe wa kuvunja. Ndicho chombo cha kwanza. Frigoliti inaonekana laini, lakini inamaliza makali upesi. Wembe ukichoka haukati tena, unang'oa punje na kuacha kidonda. Vunja ncha moja, endelea na ncha mpya. Usikate mara moja kwa nguvu: pitisha mara mbili ao tatu, kisu kikiwa kimelala. Ncha zilizovunjwa ziwekwe ndani ya kopo lenye kifuniko. Zisitupwe katika uwanja ambamo wadogo wanacheza miguu wazi.

Lati ya chuma. Lati ya plastiki inaliwa na wembe, na siku ya pili mstari wako unakwenda kama njia ya nyoka. Vidole vikae nyuma ya lati daima.

Papye ya kusugulia. Ibandike juu ya kibao bapa. Anza na namba 120, maliza na 240. Ukisugua kwa mkono bila kibao, utafanya mabonde.

Waya wa moto. Hapa nawaomba msome polepole. Waya wa resho iliyokufa ni nikromu, nao unakata frigoliti kama siagi. Waya wenye unene wa milimita 0.4 uko na karibu ohm 8.8 kwa kila metre. Ukichukua sentimetre 50, unapata karibu ohm 4.4. Ukiufunga kwa batri ya volti 12, kufuatana na somo letu la darasani, unapata 12 : 4.4, maana yake ampere 2.7, na joto la wati karibu 33. Hiyo inatosha.

Wengine wanafikiri kwamba waya mfupi utakuwa na moto kidogo. Ni kinyume! Ukikata waya nusu, rezistansi inashuka nusu, karanti inaongezeka mara mbili, na kila sentimetre inapata moto mara nne. Waya ukiwa mwekundu, umezidi: unachoma pahali pa kukata. Waya mzuri hauonyeshi rangi, nawe unausukuma bila nguvu. Uvutwe na resori, sababu ukipata moto unarefuka na kulegea.

Kuhusu waya huu kuna makatazo mawili. Usiufunge hata siku moja kwa kuran ya ukuta, volti 220: utakufa, na hakuna bawa linalostahili hayo. Na usikate ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wa polistireni ni sumu kwa kichwa na kifua. Tunakata inje tu, upepo ukitupiga mgongoni.

4. KOLE MOJA MOJA

Kole nyeupe ya mbao. Haina adui kwa frigoliti, bei yake ni ndogo, na vidole vinaoshwa kwa maji. Inafaa kubandika karatasi juu ya bawa na kushikisha vijiti vya bambu. Lakini inakauka kwa kutoa maji, na maji hayawezi kupita ndani ya frigoliti. Ukiunga vipande viwili vipana, katikati patabaki maziwa hata siku tatu. Basi itumie pahali hewa inaingia, na uiache saa 24.

Kole ya moto ya pistole. Inashika kwa dakika moja, ndiyo sababu wote wanaipenda. Lakini polistireni inaanza kulegea karibu digri 100, na pistole kubwa inatoa kole ya moto kupita hapo sana. Weka kole kwanza juu ya mbao ao karto, hesabu mpaka tano, kisha bandika. Tena ni nzito. Na jua kali linailegeza: ndege isiachwe ndani ya motokari iliyofungwa saa ya mchana.

Kole ya poliuretani. Hii inavimba. Lowanisha upande mmoja kwa maji kidogo, paka upande mwingine safu nyembamba, unganisha, na uweke vitabu juu. Usipoweka uzito, kole itavimba na kusukuma vipande mbali. Inajaza matundu, ni nyepesi, na inashika frigoliti ya punje vizuri kuliko zote. Ikikauka juu ya mikono, inakaa siku nyingi: vaa mifuko ya plastiki.

Epoksi, ile ya mirija miwili. Changanya sawa kwa sawa, na uchanganye kweli, dakika nzima. Ukipunguza upande mmoja, haitakauka hata mwezi. Haili frigoliti. Sababu ya uzito na bei yake, tunaiweka pahali pawili tu: kibao cha motere, na kati ya bawa pahali mbao mbili zinakutana.

Kole ya haraka ya kichupa. Jina lake sianoakrilati. Ilivumbuliwa Marekani katika 1942 na Harry Coover wa kampuni ya Kodak, nayo ikaanza kuuzwa katika 1958. Ya kawaida inakula polistireni, lakini kwa polipropileni ni nzuri. Kuna aina ingine iliyotengenezwa kwa frigoliti. Ni ghali, na lazima kichupa kiandikwe hivyo. Isianguke juu ya nguo ya pamba, sababu inaweza kupata moto na kuunguza ngozi. Vidole vikishikana, usivute kwa nguvu: loweka katika maji ya vuguvugu na sabuni.

Skochi. Wengi wanaidharau, lakini skochi pana ya kufungia karto ndiyo hinji nzuri ya mkia, na ukiipitisha chini ya bawa toka ncha mpaka ncha, bawa halipindi upesi.

5. UZITO NDIO MWIZI

Kijiti kimoja cha kole ya moto, chenye unene wa milimita 11 na urefu wa sentimetre 10, kiko na gramu karibu 9. Ukitumia vinne, umeongeza gramu 36. Kwa ndege ya gramu 400 hiyo ni karibu moja juu ya kumi na moja, na haikusaidia kuruka hata kidogo. Hapa Lubumbashi tunakaa zaidi ya metre 1200 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani, basi bawa linabeba uzito mdogo zaidi kwa mwendo ule ule.

Kole ya mkia ndiyo mbaya zaidi. Ukiweka gramu 5 zaidi kwa mkia, sentimetre 60 nyuma ya pahali pa usawa, unapata 5 x 60 = 300. Kuisawazisha kwa pua, sentimetre 20 mbele, unahitaji gramu 15. Maana yake tone la gramu 5 limekuwa gramu 20. Kwa hiyo mkia upakwe na mkono wa bahili.

6. MVUA NA KIANGAZI

Wakati wa mvua, kole nyeupe inachelewa sana, lakini poliuretani inafurahi, sababu inakula maji. Wakati wa kiangazi ni kinyume: nyeupe inakauka upesi, na poliuretani isipolowanishwa inalala tu. Vumbi la mwezi wa saba nalo ni adui. Pangusa vipande kwa kitambaa mbele ya kupaka.

7. JARIBIO, NA KANUNI YA KIKUNDI

Mbele ya kutia kole yoyote kwa bawa, fanya hivi. Tia tone moja juu ya kipande cha kutupa, ngoja dakika 15. Pakifanya shimo, umepoteza kipande, hukupoteza bawa. Pasipofanya shimo, unga vipande viwili, viache mpaka kesho, kisha vunja kwa mikono. Kama frigoliti yenyewe imepasuka kando ya maungio, kole ni nzuri. Kama maungio yamefunguka safi, kila upande ukibaki mzima, kole hiyo haifai, hata kama bei yake ni kali namna gani.

Tumepatana na Bwana Mwalimu hivi: kuanzia Jumamosi ijayo, motere haitafungwa kwa ndege yoyote mpaka mwenyewe alete vipande vyake vilivyovunjwa, tuvione sisi wote. Haijalishi ni mkubwa wa mwaka wa mwisho ao mdogo wa darasa la saba. Na hakuna ndege itakayorushwa mbele ya Bwana Prefe kupata ruhusa ya wakubwa wa mtaa, wala karibu na uwanja wa Luano, wala juu ya vichwa vya watu.

Vipande vya frigoliti viko nyuma ya labo, ndani ya karto mbili. Ni vya wote. Mwenye kuuliza, aje Jumatano kisha masomo ya mchana.

Doyeni wa wanafunzi,
darasa la nne ya humanite