Macho Makavu: Jinsi ya Kupata Nafuu ya Kudumu



Wanaoishi Holili na tambarare za Rombo wanajua jinsi kiangazi kinavyoyatesa macho. Upepo hubeba vumbi, malori hupita kuelekea mpakani, na mashambani kuna makapi ya kupura mahindi na maharage. Wengi hulalamika kwamba macho yanachoma, yanawasha au yanakwaruza kana kwamba yameingia mchanga. Mara nyingi hayo ni macho makavu. Mwezi huu tueleze chanzo chake na tiba yake.

MACHOZI YANA KAZI GANI?

Kila tunapopepesa macho, kope hutandaza utando mwembamba wa machozi juu ya kioo cha jicho. Utando huo una ute unaoshika jicho, maji yanayolilowesha, na mafuta yanayozuia maji yasikauke upesi. Mafuta hayo hutoka katika vijitezi vilivyo ukingoni mwa kope. Kimoja kati ya hivyo vitatu kikipungua, jicho hukauka.

Wengine hushangaa: "Mbona macho yangu yanatoa machozi kila siku?" Jicho kavu likikereka hujitetea kwa kumwaga maji mengi kwa ghafula, lakini maji hayo hayakai.

CHANZO CHAKE

Ukavu huongezeka kadiri ya umri, hasa kwa akina mama waliokoma hedhi. Huletwa pia na upepo, moshi wa kuni, kutazama simu muda mrefu bila kupepesa, baadhi ya dawa za mzio, ugonjwa wa kisukari, baridi yabisi, na makovu ya trakoma.

Kwa watoto wadogo, ukosefu wa vitamini A hukausha macho na unaweza kuwapofusha. Mtoto anayejikwaa jioni giza linapoingia apelekwe kituo cha afya mara moja. Wenye umri wa miezi 6 hadi miaka 5 wapelekwe kupata matone ya vitamini A kila baada ya miezi 6.

TUNZA MACHO YAKO

1. Chovya kitambaa safi katika maji ya moto yasiyounguza, kamua, uweke juu ya macho uliyofumba kwa dakika 5 hadi 10, asubuhi na jioni. Joto huyeyusha mafuta yaliyoganda. Kisha safisha ukingo wa kope taratibu.

2. Tumia machozi ya bandia kutoka duka la dawa. Ukiyahitaji zaidi ya mara 4 kwa siku, omba yale yasiyo na kemikali ya kuhifadhi.

3. Vaa miwani unapopanda bodaboda, unapopura au unapopeta nafaka.

4. Jiko la kuni liwe na mahali pa kutolea moshi.

5. Ukitumia simu au kompyuta, kila dakika 20 tazama mbali kwa sekunde 20, huku ukipepesa macho.

Nafuu huja polepole, pengine baada ya wiki kadhaa. Ukiacha, ukavu hurudi. Kwa hiyo fanya haya yawe mazoea, kama kupiga mswaki.

JIHADHARI NA DAWA HIZI

Watu wengi hujinunulia matone yenye steroidi, kama deksamethasoni. Wekundu hutoweka kwa siku chache, na mtu hudhani amepona. Lakini akiendelea kuyatumia bila daktari, anaweza kupata mtoto wa jicho au presha ya macho. Uoni uliopotea kwa presha ya macho haurudi. Daktari anaweza kuyatoa, lakini kwa muda maalumu na huku akimpima mgonjwa.

Msitumie chupa ya jirani. Msitie jichoni maji ya majani, maziwa ya mama wala asali, kwa maana vinaweza kuleta vidonda katika kioo cha jicho.

NENDA HOSPITALI MAPEMA

Usingoje ukiona maumivu makali, uoni kupungua, doa jeupe kwenye jicho, au kushindwa kuvumilia mwanga. Anzia zahanati iliyo karibu. Ikibidi utapewa rufaa kwenda Hospitali ya Huruma, Rombo, au idara ya macho ya KCMC, Moshi. Chukua pia dawa zote unazotumia, ili daktari aone kama mojawapo ndiyo inayokausha macho.