Kuidhibiti Tarakilishi kutoka Mbali kwa Programu Huria

Makala haya yananuia kufafanua jinsi tarakilishi moja inavyoweza kuendeshwa kutoka kwa nyingine iliyo mbali kwa kutumia programu huria, yaani programu ambazo mtu yeyote ana ruhusa ya kuzitumia, kuuchunguza msimbo wake, kuurekebisha na kuusambaza. Suala hili linamhusu hata mwanafunzi wa fasihi. Ngano za Kimeru nilizorekodi kwa ajili ya tasnifu yangu zimo katika tarakilishi ya mezani nyumbani Githongo, kwenye miteremko ya Mlima Kenya, ilhali masomo yangu yako Nairobi, mwendo wa zaidi ya kilomita 200.

Chombo mashuhuri katika uwanja huu ni VNC, kilichobuniwa miaka ya 1990 na watafiti wa maabara ya Olivetti mjini Cambridge, Uingereza. TightVNC na TigerVNC ni miongoni mwa programu huria zilizochipuka humo. Tarakilishi inayodhibitiwa huendesha programu iitwayo seva, ambayo hutuma picha ya skrini kupitia mtandao, aghalabu zile sehemu zilizobadilika tu. Tarakilishi inayodhibiti huionyesha picha hiyo na kurudisha miondoko ya kipanya na herufi zinazochapwa. Kazi yote hufanyika Githongo. Nairobi ni dirisha tu.

Hata hivyo, kuna vikwazo. Kwanza, mtandao wa nyumbani, hasa wa simu, mara nyingi hauna anwani inayofikika moja kwa moja kutoka nje. RustDesk, ambayo pia ni huria, hutumia seva ya kati kuzikutanisha mashine mbili. Pili, VNC ya kawaida haifichi data inayopita njiani. Inafaa ipitishwe ndani ya SSH, ambayo huyageuza mawasiliano kuwa mafumbo kwa asiyehusika. Toleo lake huria, OpenSSH, lilitolewa mwaka 1999.

Kikwazo cha tatu si cha mitambo. Usiku mmoja niliingia bila kumwarifu dada yangu, aliyekuwa akiandika barua katika tarakilishi hiyo hiyo. Alipoona kishale kikitembea chenyewe, aling'oa waya wa umeme ukutani, kisha akanipigia simu: "Kaka, kuna mtu ndani ya mashine!" Barua yake ilipotea. Faili ya ngano niliyokuwa nikiihariri iliharibika, na sikuwa na nakala nyingine. Msimulizi wake, mzee wa kijiji jirani, alikuwa ameshafariki. Sikuweza kumlaumu dada. Ni mimi niliyeingia bila kubisha hodi.

Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mtandaoni inafanya kuingia katika tarakilishi ya mtu bila idhini kuwa kosa. Vivyo hivyo, mgeni akikupigia simu na kukuomba usakinishe programu ya aina hii ili "akusaidie", usimkubalie.

Kwa kuhitimisha, mwanafunzi anayetaka kuitumia mbinu hii na aweke nywila imara, ahifadhi nakala ya pili ya kazi yake kabla ya kuanza, na aombe ruhusa kila mara. Siku hizi mimi humpigia dada simu kwanza. Asipojibu, nasubiri.